Majina Yakisomwa Chini ya Mgunga

Mbuzi wa Ayeeyo aliuzwa mara tatu asubuhi ile. Wa kwanza kumnunua alikuwa mwenye duka la nguo; akalipa, akamrudisha mezani. Mchuuzi wa Soko Ng'ombe akampandisha bei, naye akamrudisha. Mara ya tatu alichukuliwa na dereva wa lori aliyekuwa safarini kwenda Liboi, na pesa zote zikaingia kwenye kikapu cha kujengea darasa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980, pembezoni mwa mji wa Garissa, chini ya mgunga ambako kila jambo letu liliamuliwa, kuanzia baraza za chifu hadi kesi za visima.

Ninayemkumbuka zaidi ni katibu. Alifungua daftari akasoma jina moja moja: huyu shilingi mia, yule magunia mawili ya saruji, bibi wa kule bondeni shilingi kumi. Wa kumi alipigiwa makofi sawa na wa mia. Ayeeyo, mama yake baba, hakujua kusoma, lakini kila alipopita karibu na shule ile alinionyesha kwa kidole dirisha la pili. Hilo, akisema, ni la mbuzi wangu.

Serikali ilileta walimu, wazazi wakajenga. Ndivyo mambo yalivyokwenda Kenya nzima tangu Mzee Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Lakini huku kwetu kila hesabu ilingoja mvua. Ukame ukiingia mifugo hukonda, bei sokoni huanguka, na darasa hubaki kuta bila bati. Wenye chai na kahawa walichangishana wakajenga sekondari. Sisi chumba kimoja kilituchukua misimu mitatu. Nikiisifu harambee, naisifu nikilikumbuka hilo.

Halafu ukaja mwaka 2003. Karo ya shule za msingi ikafutwa, sheria ya maadili ikawazuia maafisa wa umma kutumia ofisi zao kukusanya michango ya harambee, na ikapitishwa sheria ya hazina ya maendeleo ya maeneobunge, tuliyozoea kuiita CDF: angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali igawiwe maeneobunge. Lori la kwanza la mawe lilipofika shuleni kwetu, wanawake walipiga vigelegele. Hakuna aliyekuwa ameuza mbuzi.

Baada ya mawe ikaja basari ya hazina hiyo hiyo, na hapo ndipo penye uzito. Kwa kiwango rasmi, serikali humtengea mwanafunzi wa sekondari ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Fedha hizo hazimlazi mtoto wala hazimpi chakula cha jioni. Sasa mfugaji ambaye jilaal, yaani kiangazi, ikikaza huhamia Mto Tana, na mvua ikinyesha hurudi bara, mtoto wake atasomaje kutwa? Atatoka nyumba ipi? Kwa msichana wa familia hiyo, bweni ndiyo shule yenyewe.

Binti wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Nilimjazia fomu, nikagongewa muhuri na chifu, nikaambatisha nakala ya kitambulisho na ripoti ya muhula. Mwaka mmoja jina lake halikuonekana, na hakuna aliyeweza kutuambia kwa nini. Alirudishwa nyumbani na sanduku lake. "Habaryar, mama mdogo," aliniuliza, "nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu. Zamani ningemwambia twende tukalitazame daftari.

Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu ya Garissa, na wengi wa wenzao waliotoka nje ya kaunti wakahamishwa. Madarasa yalikuwepo, chaki ilikuwepo, mwalimu hakuna. Mtaani kwetu tulichanga tena, mia mbili mia mbili, tukawalipa vijana waliomaliza kidato cha nne wawafundishe wadogo zao. Jioni ya mchango wa kwanza mtu alitoa daftari mfukoni akaanza kusoma majina. Nililia.

Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba hazina ya maeneobunge inakiuka katiba na ikome ifikapo Juni 30, 2026. Mei 2025 Bunge la Taifa likawaita wananchi katika maeneobunge yote 290 waseme kama wanataka iingizwe ndani ya katiba yenyewe. Kwetu ukumbi ulijaa. Msemaji baada ya msemaji alisema iendelee, na mimi nilikuwa upande wao. Nawaelewa majaji: kazi ya mbunge ni kutunga sheria, si kushika mfuko. Ila mfuko ukifungwa, atakayerudi nyumbani na sanduku ni yule msichana.

Zamu yangu ilipofika nilisema pesa zibaki, ziitwe jina lolote na zishikwe na yeyote katiba inayemruhusu. Na kila muhula majina yasomwe hadharani: aliyepata, kiasi alichopata, na aliyekosa aambiwe sababu. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akaitikia, "Daftari, binti yangu. Waambie daftari."

Karani alikuwa akiandika. Nilimwomba anisomee alichoandika kabla sijaketi. Akanitazama, akainua karatasi, akasoma kwa sauti, na wanawake waliokuwa mkekani nyuma wakawanyamazisha watoto ili wasikie.