Nyuki wa Baba, Sindano Yangu

Nyuki aliyenilaza chini alikuwa mmoja tu. Ilikuwa mwezi wa Juni, jua limeshazama, tuko kwenye manzuki yetu katika misitu ya Sikonge, kusini mwa Tabora. Nilikuwa nimevaa ovaroli, buti na glavu. Wavu wa uso ulikuwa na tundu dogo karibu na kola. Nililiona asubuhi nikasema nitalishona baadaye. Alipita hapo hapo, akanichoma chini ya sikio.

Niliukwangua mwiba kwa ukucha nikaendelea kushika bomba la moshi. Haikupita muda viganja vikaanza kuwasha, kisha nyayo. Masikio yakawa ya moto. Nilimwambia mtoto wa kaka yangu kwamba najisikia vibaya, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba, inakwama kooni. Nikatapika. Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa: kwamba nilianguka, kwamba midomo ilivimba, kwamba walinipakia kwenye pikipiki kijana mmoja akinishikilia kwa nyuma, kwamba kila walipofika kwenye mchanga aliniita, “Shangazi! Shangazi!” nami siitiki.

Zahanati ilikuwa na kichupa kimoja cha adrenalini. Tabibu alinichoma pajani, akanilaza chali na kuniinua miguu. Baada ya dakika chache nilifumbua macho nikaona balbu ya taa ikining’inia darini. Sijawahi kuona kitu kizuri kama balbu ile.

Sasa ni lazima nieleze kwa nini, baada ya kunusurika hivyo, ilinichukua karibu mwaka mzima kukubali kutibiwa.

Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa ya magome ya miyombo na magogo ya mninga, ameitundika juu sana, mbali na kijiji. Msimu ukifika aliondoka na wenzake kwenda kambini porini, wakakaa huko wiki mbili, tatu. Alipanda mti usiku, mabega wazi, kienge cha moto kinafuka mkononi. Alirudi nyumbani amevimba uso na mikono, na sisi watoto tukimhesabia miiba mgongoni: thelathini, arobaini. Kesho yake yuko shambani. Tulipomuuliza kama haumii, alijibu, “Mwili umeshawajua.” Neno hilo lilikuwa mali ya nyumba yetu. Lilitutenganisha na watu wa mjini wanaokimbia wakisikia nyuki akivuma kwenye chupa ya soda.

Nami nikawa mwalimu wa shule ya msingi, lakini mizinga sikuiacha. Baba alipofariki nilirithi sehemu yake, nikaongeza ya kisasa, ile ya kuweka juu ya viguzo, tukaanzisha kikundi cha akina mama. Vijana waliosoma Chuo cha Nyuki hapa Tabora walikuja kutufundisha kuvaa mavazi ya kinga na kurina bila kuua majana ya nyuki. Asali ndiyo iliyomsomesha binti yangu. Kwa hiyo habari ya mzio, yaani aleji, niliiona kama tusi. Mtoto wa mrina atadhuriwaje na nyuki?

Mahali pa kwanza nilipokwenda kuuliza niliambiwa presha ilipanda, nipumzike. Jibu hilo lilinifurahisha, nikalishika. Baba mdogo naye alikuja nyumbani kunijulia hali, akasema niliacha kuchomwa ndiyo maana mwili umekuwa wa kizungu. Nirudi porini, nichomwe kidogo kidogo, nitazoea. Nilikaribia kumtii. Nikumbukapo hilo huwa naogopa kuliko nikikumbuka siku yenyewe.

Aliyenizuia ni binti yangu. Anafanya kazi Nairobi, na aliniambia kwenye simu huku analia: “Mama, usiguse mzinga mpaka umwone daktari wa mzio.” Nilipanda basi, Tabora hadi Nzega, Shinyanga, Mwanza, nikavuka mpaka wa Sirari, nikafika Nairobi nimevimba miguu.

Daktari alinipima ngozini na kwenye damu. Kwa bahati njema zilikuwa zimepita wiki nyingi, kwani mara tu baada ya mzio mkali vipimo hivyo huweza kudanganya. Majibu hayakuwa na utata: mwili wangu una kingamwili za aina ya IgE dhidi ya sumu ya nyuki, nyingi. Zikikutana na sumu, seli humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mpigo, mishipa hulegea, njia ya hewa hubana. Akaniambia kwamba mtu mzima aliyekwisha kupigwa namna ile, akichomwa tena, uwezekano wa kurudiwa ni karibu nusu au hata zaidi.

Nikamwambia habari za Baba. Nilimwambia kwa kiburi, nakiri, kama mtu anayetoa ushahidi wa kumshinda mwenzake. Daktari akaniuliza, “Mama, baba yako alichomwa mara ngapi kwa mwaka?” Nikasema mamia. “Na wewe?” Nikafikiri. Tangu tulipoanza kuvaa ovaroli, mara nne, tano.

Hapo akanieleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia katika miaka yote ya kuishi na nyuki. Waliochunguza wafugaji wa nyuki wameona kwamba wanaochomwa mara chache kwa mwaka ndio walio hatarini zaidi; wale wanaochomwa mara mia mbili na zaidi, mwili wao hujenga kinga ya aina nyingine, inayotuliza ile IgE. Baba hakuwa mgumu kuliko mimi. Alikuwa akichanjwa na nyuki wake kila msimu bila kujua, na bahati ilikuwa kwamba mwili wake ulielekea upande wa salama tangu mwanzo. Mimi mwili ulishachukua njia nyingine. Kurudi porini kuchomwa “kidogo kidogo” alikoniambia baba mdogo kungekuwa kujiua, kwa sababu nyuki hana kidogo. Mwiba mmoja hutoa sumu mikrogramu 50, mara nyingine hata zaidi ya 100, kwa mkupuo.

Sindano wanazotoa hospitalini, akasema, ni sumu ile ile, lakini kwa kipimo. Unaanza na sehemu ndogo sana ya mikrogramu moja. Kila wiki wanaongeza, kwa wiki kadhaa, mpaka ufike mikrogramu 100, ambayo ni kama mwiba mmoja au miwili. Kisha unabaki hapo, sindano moja kila mwezi, miaka mitatu hadi mitano. Mfugaji wa nyuki anaweza kupandishwa hadi 200.

Sikukubali siku ile. Nilirudi Tabora nikiwa na karatasi ya bei kwenye mkoba, na bei ilikuwa mavuno yetu ya misimu miwili. Nilikuwa pia na maswali ya mtu mzima. Nina miaka hamsini na kitu, je, mwili wangu bado unafundishika? Ninameza dawa ya presha, je, itagombana na sindano? Na sumu yao imetoka kwa nyuki wa Ulaya. Itafaa dhidi ya nyuki wetu wakali?

Nilimpigia daktari nikamuuliza yote, moja baada ya jingine, naye hakuchoka. Umri si kizuizi. Watu wazima hutibiwa sana na hufanikiwa. Dawa ya presha niliyokuwa nameza ilikuwa ya kundi linaloweza kuizuia adrenalini isifanye kazi vizuri nikipata shida, kwa hiyo aliomba daktari wangu anibadilishie kwanza. Kuhusu nyuki, wetu na wa Ulaya ni jamii moja, Apis mellifera, na sumu zao zinafanana kiasi cha kutosha. Ukali wa nyuki wa Afrika uko kwenye tabia yao ya kutoka wengi na kufukuza mbali, haumo kwenye tone la sumu. Akanikumbusha kwamba nyuki wanaoogopwa leo toka Brazil hadi Marekani ni uzao wa malkia ambao mtafiti Warwick Kerr aliwachukua Afrika Kusini na kwetu Tanganyika mwaka 1956. Huko nako kuna watu wanaochomwa sindano hizi hizi.

Mimi ni mwalimu, napenda kujua kitu kimetoka wapi. Nilisoma kwamba daktari Leonard Noon alichapisha habari za sindano za namna hii mjini London mwaka 1911, alipowachoma wagonjwa wa mafua ya chavua dozi ndogondogo za chavua ya nyasi. Kwa upande wa nyuki madaktari walipotea kwanza. Kwa miongo mingi wagonjwa walichomwa dawa ya nyuki mzima aliyesagwa, mpaka utafiti wa Marekani wa mwaka 1978 ulipoonyesha kwamba dawa hiyo haikumkinga mtu kuliko sindano isiyo na kitu. Kilichokinga ni sumu yenyewe iliyosafishwa. Walikuwa na ujasiri wa kupima walichokuwa wamekizoea wakakuta hakifai. Hilo lilinigusa, kwa sababu nami nilikuwa nimezoea neno la Baba bila kulipima.

Bado ningeweza kuacha nyuki. Binti yangu alitaka hivyo. Lakini Tabora hii, mtu ataacha nyuki aende wapi? Wamo kwenye dari za madarasa, wamo kwenye miembe ya barabarani, wanatua kwenye sahani ya maembe yaliyomenywa sokoni. Ningegawa mizinga yote na bado nyuki angenikuta mlangoni kwangu. Sindano nazo hazizuii kwa uhakika kamili. Kwa sumu ya nyuki huwakinga takriban wanane kati ya kumi, na kwa nyigu zaidi ya hapo. Nikajiuliza ningependa kuwa wapi siku ya kuchomwa tena ikifika: katika wale wanane, au nilipokuwa.

Niliuza asali ya msimu mzima, kaka akaongeza, nikahamia kwa binti yangu kwa miezi mitatu.

Kuna jambo la historia yetu lililonisaidia kuvumilia wiki zile. Wazee wetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa njia ya pwani, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mwanamume kamili. Wapelelezi Burton na Speke walipita njia hiyo: waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi wa Novemba. Na wasafiri wa enzi hizo waliandika kwamba msafara haukuanza kwa mwendo mrefu. Siku ya kwanza walitembea kidogo tu, wakapiga kambi karibu, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua na mzigo uliokaa vibaya ufungwe upya. Mimi nililelewa kwenye sifa za ugumu wa mabega yao. Ile kambi ya karibu hakuna aliyenisimulia. Sindano yangu ya kwanza ilikuwa kambi ile: tone ambalo sikulisikia, kisha nusu saa ya kukaa kwenye kiti mbele ya muuguzi, kwa sababu mzio wa sindano ukija huja mara nyingi ndani ya muda huo.

Wiki ya saba ulikuja. Nilikuwa nimeketi, viganja vikaanza kuwasha, na mwili wote ukakumbuka Sikonge kabla akili haijakumbuka. Nilipiga kelele. Muuguzi alikuwa amefika kabla sijamaliza kumwita. Vilikuwa vipele tu, kifuani na mikononi. Walinipa dawa, wakanikalisha saa mbili. Usiku ule nilimwambia binti yangu kwamba narudi nyumbani. Asubuhi daktari alipiga simu akasema hatuachi, tunarudi nyuma hatua moja. Wiki iliyofuata nilichomwa kipimo cha chini, nikakaa salama, tukapanda tena polepole.

Nilipofika mikrogramu 100 nilirudi Tabora. Dawa husafiri kwenye kisanduku cha barafu kwa sababu inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme ukikatika kwenye jokofu la mtu ni hasara kubwa. Mpelelezi Livingstone aliwahi kukaa kwenye tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani hadi Agosti 1872. Mara mbili nimekaa nikisubiri kichupa changu hivyo hivyo, nikihesabu siku. Daktari wa hapa hunichoma kila mwezi, adrenalini ikiwa mezani imeshavunjwa kofia.

Sasa niko sindano ya kumi na nne. Sijapanda tena kwenye manzuki kurina, na sitapanda mpaka nipewe ruhusa. Mtoto wa kaka anarina, mimi nachuja asali na kuandika hesabu za kikundi. Baba mdogo aliniomba nimweleze upya, taratibu, habari ya mamia na mara nne. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama mjukuu wake aliyevimba ulimi mwaka jana naye apimwe. Nilimwambia ndiyo, wiki hii hii.

Kwa wenzangu wa vikundi vya nyuki, kuanzia Sikonge hadi Urambo na Kaliua: msimu huu mkikaa kugawana fedha za asali, kabla hamjagawana, tumeni mtu mmoja akaulize zahanati yenu kama ina adrenalini. Kama haina, nunueni kwanza hiyo.