Saa Nne na Nusu Juu ya Ghuba ya Chole

Ghuba ya Chole iko mashariki mwa kisiwa cha Mafia. Visiwa vya Juani na Jibondo vinaikinga na bahari kuu, kisiwa kidogo cha Chole kimekaa katikati, na maji huingia na kutoka zaidi kwa mlango wa Kinasi. Siku za bamvua, maji yakitoka, mkondo wa pale huvuta hadi ngalawa iliyojaza tanga huonekana kama imesimama. Tuliondoka Utende asubuhi kwa mashua ya mbao: nahodha, baharia wake, vijana wawili watafiti, na mimi. Binti mtafiti alipakata kompyuta aliyoizungushia kanga isipate maji ya chumvi. Kwenye kioo chake ilikuwamo ghuba nzima: kijani kizito cha mikoko, buluu iliyokoza ya Kinasi, na kati yake madoa ya kahawia na ya rangi ya mchanga. Madoa hayo ndiyo yaliyotutoa pwani: watafiti walitaka kuhakikisha ni nini kabla ya kuyatia kwenye ramani yao.

Picha ilipigwa na Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zinazopita kilomita 786 juu yetu. Hupokezana, hivyo kila baada ya siku tano walau moja huwa juu ya Mafia. Kila nukta ya picha ni mraba wa mita 10 kwa 10. Mwamba unauona, tumbawe moja moja huwezi kuliona. Tena bahari haiachii mwanga wote urudi juu. Rangi nyekundu humezwa ndani ya mita chache za mwanzo, kijani hushuka zaidi, na buluu ndiyo inayofika mbali. Kwa kulinganisha buluu na kijani, kompyuta hukadiria kina, halafu hujaribu kutambua kilichoko chini. Lakini lazima maji yawe safi. Upande wa pili wa kisiwa, unaotazama delta ya Rufiji, matope huharibu picha nyingi, na za masika karibu zote ni mawingu matupu.

Nahodha aliziangalia picha mbili za mahali pamoja, moja nyeusi kuliko nyingine, akauliza zilipigwa lini. Binti akamtajia tarehe. Mzee akahesabu kwa vidole, akiifuata miezi ya mwandamo.

"Hii ilikuwa mwezi nane, mwanangu. Maji mafu. Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu hivi asubuhi, Mzee. Inapita saa hiyo hiyo kila mara."

"Basi maji yalikuwa yamejaa. Na hii nyingine ni mwezi kumi na saba, bamvua. Saa hizo fungu liko nje, watu wako juu yake wanatafuta pweza."

Binti alifungua jedwali la maji kupwa na kujaa, akalinganisha, na kila alichosema mzee kilikuwa sawa. Jambo hilo lina uzito mkubwa. Mwamba ule ule ukiongezewa maji juu yake huonekana mweusi zaidi, na kompyuta isiyoambiwa habari za mwezi inaweza kudhani chini kumebadilika. Pwani hii, ambako bamvua hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita tatu, sioni namna ya kulinganisha picha mbili bila kwanza kujua zilipigwa mwezi ngapi.

Kituo cha kwanza kilikuwa doa la kahawia ambalo kompyuta ililiita mwamba. Nahodha alikataa kabla hatujatia nanga. "Hapo ni majani. Tunatega madema hapo, tunapata tasi." Kijana akajitosa, na kweli, majani ya bahari yalikuwa yamesongamana, yakiinama na mkondo. Kutoka juu, majani mazito na mwamba hutoa karibu weusi ule ule. Wakasahihisha ramani.

Kutoka hapo tulielekea mwamba wa Milimani, ambako nami nilishuka majini na miwani na mrija. Kazi yenyewe ni ya subira. Mzamiaji huburuta boya lenye GPS huku akipiga picha za chini kila baada ya sekunde chache. Saa ya kamera imelinganishwa na ya GPS, hivyo kila picha hupata mahali pake kwenye ramani. Nilimfuata kijana juu ya matumbawe ya matawi yaliyojaa visamaki vya buluu, vikiingia na kutoka kila kivuli chake kilipopita. Mbele kidogo matawi yalikuwa yale yale kwa umbo, lakini yamekufa zamani na mwani umeyafunika. Nilipanda juu kuvuta pumzi, nikatazama chini tena kutoka usawa wa maji. Rangi ni moja, kahawia kwa kahawia.

Sababu iko ndani ya tumbawe lenyewe. Mnyama huyo hufuga mwani mdogo mno mwilini mwake, na rangi inayoonekana ni ya mwani huo. Maji yakipata joto kupita kiasi, mnyama huutoa mwani huo, tumbawe likabaki jeupe. Weupe huo setilaiti inaweza kuuona. Likifa, mwani wa nje hulifunika, na kutoka angani huonekana kama limepona. Ramani ya dunia nzima ya Allen Coral Atlas, iliyokamilika 2021, ni kazi kubwa ninayoiheshimu, nayo imeweka matumbawe na mwani katika fungu moja. Mafia iliona joto la 1998, matumbawe mengi yakafa, hasa kwenye mwamba wa Tutia. Anayeitazama ramani ya namna hii na kusema mwamba una afya anasema jambo ambalo ramani haikulisema, na hilo linanitia hofu, kwa kuwa hifadhi ya bahari ya hapa Mafia, ya kwanza Tanzania, iliyoanzishwa 1995, hugawa maeneo ya uvuvi na yasiyoguswa, na mistari hiyo huamua wapi mtu wa Jibondo atupe nyavu zake.

Kwa hiyo nilifurahi kuona daftari la binti. Ramani yao ilimtaka aandike fungu moja tu, yeye alichora safu mbili: hai, na iliyokufa yenye mwani. Nilimuuliza safu ya pili itaingia wapi.

"Kwenye ramani haiingii," alisema. "Lakini joto likija tena, atakayerudi hapa ajue tulikuta nini."

Mkondo wa Kinasi ulikuwa umeanza kugeuka. Nahodha akamwambia baharia ang'oe nanga, twende kituo kinachofuata kabla maji hayajachafuka.