Kishale Kinachojikunja (Sehemu ya 7)

Wengi mmeniuliza kale kadude kekundu kanakocheza kwenye laptop yangu ni nini. Ni kishale cha mausi, nimekichora mwenyewe.

Kishale cha kusubiri tulichozoea ni kaduara tu, kanazunguka na hakakwambii kitu. Mimi nimeweka chembe nyekundu ya damu. Ni picha 12, kila moja pikseli 32 kwa 32, ndani ya faili moja la ANI. Kila picha inakaa sehemu ya tano ya sekunde, kisha inayofuata.

Mwanzo chembe ni ya mviringo, imebeba oksijeni. Oksijeni ikitoka, hemoglobini zinashikana kama fito, chembe inapinda kama mundu. Oksijeni ikirudi, inanyooka. Mwilini inafanya hivyo mpaka siku haiwezi tena kunyooka. Chembe nzima inaishi siku kama 120, hii ya mundu mara nyingi 10 hadi 20. Ndo maana mtoto anaishiwa damu.

Chanzo ni herufi moja tu iliyobadilika kwenye DNA. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake huku Afrika Mashariki, alionyesha kwamba ukiirithi kwa mzazi mmoja tu inakukinga na malaria. Kwa hiyo si laana. Kwetu Kilangali, penye majaruba na mbu, mtaelewa kwa nini imebaki kwenye damu zetu.

Sasa sikieni. Kuna mama alikuwa anasemwa ukweni kwamba damu mbaya kaileta yeye. Siku ya majibu ya mtoto akaja na mumewe. Kompyuta ikawa nzito, kishale kikaanza kucheza. Baba akauliza, "Nesi, hicho kinachojikunja ni nini?"

Nikamwonyesha. Nikamwambia, ili mtoto awe na selimundu lazima arithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wakiwa wabebaji, kila mimba ni nafasi 1 kati ya 4.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi mama yangu nitaongea naye mwenyewe."

Wenye watoto hawa: maji ya kutosha, wasipigwe baridi, walale kwenye chandarua, kliniki msiruke. Homa ikipanda usisubiri asubuhi, mlete.

Sehemu ya 8 ni kesho, nitaeleza kipimo. Usiku mwema.