Jembe Linalojua Kuacha

Miche mitatu ya kwanza niliiua kwa maji. Nilikuwa nimehamia San Antonio, Texas, joto la mwezi wa tano limeshaanza kuuma, na mimi niliyekulia Dodoma nikaona kimche kimesimama juani, nikakihurumia. Nikakifanyia kile nilichotamani kuifanyia mimea ya kwetu utotoni nikakosa maji: asubuhi bomba, jioni bomba. Wiki ya tatu majani yakageuka manjano, shina likalegea pale linapogusa udongo, na nilipolivuta likanijia mkononi, mzizi umeoza.

Miche hiyo ilikuwa ya ua linaloota lenyewe porini, kuanzia Texas na New Mexico hadi Arizona na kaskazini mwa Meksiko, kwenye miamba ya chokaa ambako udongo ni vumbi na kokoto. Kimo chake ni shibiri moja, likizidi sana moja na nusu, kisha hutanda likawa duara kama kata ya kubebea ndoo. Petali nyeupe nane hadi kumi, katikati manjano, na ukiinama karibu linanukia asali. Wataalamu huliita Melampodium leucanthum, maneno yenye asili ya Kigiriki yanayosema mguu mweusi na ua jeupe, maana vile vijani vinavyoshika mbegu hukomaa vikawa vyeusi, vyenye umbo la unyayo mdogo. Huchanua tangu mwezi wa tatu hadi baridi za Novemba, hata katika wiki zile ambazo nyasi za mtaa mzima zimeungua zikawa rangi ya ugoro.

Aliyenifundisha kulitunza ni jirani wa nyumba ya pili, mama mstaafu aliyekuwa mwalimu miaka mingi. Masomo yake karibu yote yalikuwa makatazo. Usitie mbolea. Usitie samadi, kwa sababu udongo ukinona ua hurefuka ovyo, hulala chini na kufa mapema. Usipande mwezi wa tano; panda Oktoba au Novemba, mizizi ishuke wakati wa baridi kabla jua halijarudi. Udongo wa mtaa wetu ni mfinyanzi mzito, basi tuliinua tuta la kimo cha kiganja na kulichanganya na kokoto za chokaa, ili mvua ikija kwa fujo maji yapite yasituame. Juu tukatandaza changarawe. Vipande vya mbao, ambavyo watu hupenda kufunikia bustani, alivikataa kabisa: hushika unyevu shingoni mwa mmea, na hapo ndipo uozo unapoanzia. Kiangazi cha kwanza nilimwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi kwa mkupuo, kisha nikaacha hadi pakauke. Mwaka wa pili nilimwagilia mara za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Februari inapoisha nalikata nusu, nalo huchipua upya. Halidumu, huishi miaka michache tu, lakini humwaga mbegu kwenye changarawe na miche mipya hujitokeza pale inapotaka yenyewe.

"Ukiona limenyong'onyea adhuhuri, usikimbilie bomba," alinionya. "Litazame tena kesho asubuhi."

Maneno ya namna hiyo nilikuwa nimeyasikia kabla, kwa Kigogo.

Bibi yangu hakuwahi kupanda ua maishani mwake. Alikuwa na mgagani. Mvua za Desemba zikishapiga, mgagani uliota pembeni mwa zizi, kwenye samadi ya mwaka uliopita, bila mtu kuupanda. Majani yake hukunjuka kama vidole vya mkono, aghalabu vitano, na juu hubeba maua madogo meupe, mengine yenye wekundu wa mbali, yaliyotoa nje nyuzi ndefu za zambarau. Sisi tuliuita mboga, basi. Uchungu wake ulivunjwa kwa maziwa au karanga za kusaga, ukaliwa kwa ugali wa uwele. Uliozidi ulichemshwa na kuanikwa kwa ajili ya miezi isiyo na jani bichi shambani. Sikumbuki mtu aliyesimama kulitazama ua lake. Ua lilikuwa habari mbaya, dalili kwamba mboga imezeeka, na sisi wasichana tulitumwa kuchuma ncha zenye maua ili matawi yatoe majani zaidi.

Lakini haikuchumwa mimea yote. Wakati wa palizi bibi alipita na jembe, magugu yakilala kushoto na kulia, na alipofika kwenye miche fulani ya mgagani, minne au mitano iliyonenepa kuliko wenzake, jembe lilizunguka. Hiyo iliachwa ichanue na kufunga maganda yake membamba marefu. Yalipoanza kuwa manjano aliyakata kabla hayajapasuka yenyewe, akayaanika kwenye ungo, akazifunga mbegu kitambaani na kuziweka jikoni. Alisema mbegu ya msimu huu haioti msimu huu. Ni kweli: mbegu mpya ya mgagani hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota, na anayeikimbiza ardhini mapema hudhani imekufa.

Nimekaa sana na mimea hii miwili kichwani. Yote ni ya nchi kavu, lakini kila mmoja umejifunza ukavu wa kwao. San Antonio hupata mvua ya takriban milimita 800 kwa mwaka, zaidi ya Dodoma isiyofikisha 600. Ila mvua ya Texas imetawanyika, mwezi huu kidogo, ule nyingi, na mmea wenye mzizi wa kina unaweza kusubiri. Dodoma mvua huja kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu zinafungwa. Hapo kusubiri kwa mzizi hakutoshi. Mgagani hukimbia: huota, huchanua na kuzaa ndani ya mvua ile ile, jani lake likijitengenezea chakula kwa njia ya kubana maji kama mtama na uwele, halafu maisha yote huhamia ndani ya mbegu ndogo nyeusi. Ndiyo maana huku matunzo yote ni ya mzizi, na kwa bibi matunzo yote yalikuwa ya mbegu. Mtu angemletea bibi maelekezo ya jirani yangu yasingemfaa, na ya bibi yasingeliokoa ua langu.

Kilichonishangaza Texas ni makaratasi. Mwaka wangu wa pili nilipokea barua kutoka chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu ikinitaka nifyeke "magugu" mbele ya nyumba. Iliniuma, kwa sababu wiki ile ile tuta lilikuwa limejaa vipepeo. Jirani yangu akanionyesha sheria ya jimbo ya mwaka 2013 inayovizuia vyama hivyo kukataza bustani za mimea inayostahimili ukame, ingawa vinaweza kudai mchoro kwanza. Nikachora, nikapeleka, wakakubali. Ajabu ni kwamba mamlaka ya maji ya jiji hilo hilo hutoa kuponi kwa anayeng'oa nyasi na kupanda mimea inayostahimili ukame, na panapokuwa na ukame siku yako ya kumwagilia hupangwa kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya nyumba yako. Jiji linakunywa kutoka Edwards, hifadhi ya maji iliyo ndani ya mwamba wa chokaa, na kina chake hutangazwa kama hali ya hewa.

Sikatai, kuna mambo Texas wanayoyafanya ambayo natamani kuyaona kwetu. Lady Bird Johnson, mke wa Rais Lyndon Johnson, alianzisha mwaka 1982 pamoja na mwigizaji Helen Hayes kituo cha maua ya porini mjini Austin, ambacho leo kina jina lake. Idara ya barabara ya jimbo humwaga takriban pauni 30,000 za mbegu za maua kando ya barabara kila mwaka, yaani zaidi ya tani 13, na wakata nyasi huagizwa wasubiri hadi maua ya machipuko yaangushe mbegu. Mara ya kwanza nilipoona ukingo wa barabara umekatwa hadi mahali fulani, kisha mashine ikakwepa shamba la bluu na jekundu, nilisimamisha gari. Serikali nzima ilikuwa inafanya kwa trekta kile bibi alichokifanya kwa jembe.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Kaka yangu amejenga, nyumba nzuri, ukuta, geti, na mbele nyasi za kununua zinazomwagiliwa kila jioni. Pembeni amepanga vyungu vya maua kutoka kwa wauza miche wa barabarani. Nilimsifu, kwa sababu amehangaika na nyumba ile miaka tisa. Halafu nikamuuliza maji yanatoka wapi.

"Mzakwe, dada. Kwingine wapi?"

Visima vya Mzakwe, nje ya mji wa Dodoma, huchota maji yaliyo chini ya bonde la Makutupora, na watafiti waliofuatilia kina cha maji yake kwa miaka 55 walionyesha kwamba bonde halijazwi na mvua za kila mwaka. Hujazwa mara chache, kwenye miaka ya mvua kubwa, na mjazo mkubwa kuliko yote waliouona ulikuja na El Niño ya 1997 na 1998. Nilimweleza kaka hivyo tukiwa tumesimama na mpira wa maji unatiririka: kwamba anaweza kuwa anamwagilia nyasi kwa mvua ya wakati ule tulipokuwa bado tunalala chumba kimoja kwa bibi. Hakunijibu. Aliinama akafunga bomba, tukaingia kula.

Nyuma ya nyumba, kwenye mchanga uliobaki wa ujenzi, mgagani ulikuwa umeota. Mpwa wangu wa miaka kumi na mbili alikuwa ameagizwa kuung'oa. Nilimwomba ang'oe yote isipokuwa minne, nikamchagulia ipi. Nilitamani kuondoka na mbegu, lakini Marekani huwezi kuingiza mbegu bila kibali, na hata ningekipata, mgagani kule ungekuwa mgeni kwenye udongo wa maua mengine. Kwao ni pale, kwenye mchanga ule.

Mwezi wa nne nilipata picha kwenye simu. Maua yameshadondoka, maganda yananing'inia, mawili yameanza kuwa manjano.

"Shangazi, niyakate leo au nisubiri yakauke yote?"

"Kata hayo mawili leo," nikamwandikia. "Mengine yatazame tena kesho asubuhi."