Dakika 120 na Umeme wa Mgao

Nilijifunza kuchora ramani za nyumba kwa kalamu za Rotring, na mipangilio yote ya kazi hiyo ilishikika mkononi. Unene wa mstari ulikuwa kalamu yenyewe: 0.5 kwa ukuta, 0.25 kwa vipimo. Mstari ukikosewa, wembe unakwangua wino, kazi inaendelea. AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, ilipoingia ofisini kwetu Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi tulidhani tumebadilishiwa kalamu tu. Kumbe tumepokea mgeni aliyekuja na desturi za kwao.

Toleo tulilokuta ni la 10, lililotoka mwaka 1988 na kufanya kazi ndani ya DOS. Kabla ya kuchora hata mstari mmoja, ilibidi kompyuta igawiwe kumbukumbu kwa mkono. Kwenye faili la kuwashia mashine paliandikwa LISPHEAP na LISPSTACK, na jumla ya namba hizo mbili haikutakiwa kuvuka baiti 45,000. Ukizidisha, programu inagoma. Ukipunguza mno, zile amri fupi tulizojitungia zinakatika njiani. Namba hizo zilikaa katika daftari la mzee mmoja aliyetutangulia, daftari lenye jalada gumu ambalo halikutoka ofisini. Mzee akienda msibani Morogoro, mashine nayo ikigoma siku hiyo, sote tunarudi kwenye ubao wa kuchorea bila manung'uniko.

Ndani ya programu mipangilio ilibadilishwa kwa amri ya SETVAR. Unaandika jina, unabonyeza, unaonyeshwa thamani iliyopo, unaandika unayotaka. Hapakuwa na dirisha wala picha ya kukuelekeza. Jina usilolijua kwako halikuwapo, ndiyo maana tulikariri: LTSCALE, MIRRTEXT, DIMSCALE, kama watoto wa madrasa.

LTSCALE, inayokuza au kupunguza vistari vya mistari, ndiyo iliyotufunulia asili ya mgeni wetu. Ukifungua mchoro mpya, ukurasa ulikuwa na upana wa 12 na kimo cha 9. Hizo ni inchi, karatasi ya Kimarekani. Sisi tulichora kwa milimita, na nyumba ya kawaida ina urefu wa 12,000. Mstari wa vistari ulipangwa hivi: kistari robo ya kizio, nafasi nusu ya hapo. Kwenye nyumba ya milimita 12,000 vistari hivyo vinashikana kabisa, na ukingo wa paa, ambao kwenye ramani huchorwa kwa vistari ili fundi ajue uko juu ya kichwa chake, unatoka mstari mzima kama ukuta. Fundi asiyeuliza maswali angeweza kuuchimbia msingi. Mzee alikaa na kikokotoo akapata LTSCALE ya 1200 kwa ramani za 1:100. Robo mara 1200 ni milimita 300 kwenye nyumba, yaani milimita 3 kwenye karatasi. Kwa 1:50 ni 600. Namba hizo mbili bado ninazo kichwani, ingawa sizihitaji tena.

MIRRTEXT ilikuwa ya kuchekesha zaidi. Nyumba pacha huchorwa upande mmoja, kisha upande wa pili unageuzwa kama kwenye kioo. Thamani ya awali ilikuwa 1, maana yake maandishi nayo yageuke. JIKO na STOO vikasomeka kinyumenyume kwa jirani. Ukiweka 0, maandishi yanabaki sawa. Matoleo ya baadaye yaliifanya 0 kuwa ndiyo ya awali, na sijui kwa nini ilichukua miaka yote hiyo.

Lakini mpangilio ninaoukumbuka kuliko yote ni SAVETIME. Toleo la 12 la mwaka 1992 lilileta uwezo wa kompyuta kujihifadhia kazi bila kuamriwa, na muda uliopangwa tangu kiwandani ulikuwa dakika 120. Aliyeuchagua aliishi mahali ambapo saa mbili za umeme si jambo la kuombea dua. Sisi tulikuwa tunaelekea kwenye mgao wa 1994, wakati maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipungua na ratiba ya giza ikawa sehemu ya ratiba ya ofisi. Ratiba yenyewe ilivunjwa mara nyingi, na umeme ukikatika nje ya zamu, kazi ya asubuhi nzima ilikwenda nao. Tukashusha 120 hadi 10. Mashine zilikuwa za polepole, kwa hiyo kila dakika kumi mshale uliganda huku diski ikikwaruza, na vijana wakalalamika. "Lalamika ukiwa na ramani," mzee aliwajibu. Umeme ukirudi tulitafuta faili liitwalo AUTO.SV$, tukalibadilisha jina likawa DWG, na nyumba ikarudi ikiwa na kuta zake karibu zote. Siku hizi AutoCAD mpya inakuja ikiwa tayari imepangwa kwenye dakika 10.

Kisha ikaja Windows. Toleo la 14, mwaka 1997, liliacha DOS kabisa, na AutoCAD 2000 ikakusanya mipangilio mingi kwenye dirisha moja la OPTIONS. Ilikuwa nafuu kubwa: unasoma, unaweka tiki, unaendelea. Daftari likafungwa kabatini. Ila dirisha hilo halimwonyeshi mtu vizuri jambo ambalo sisi wa SETVAR tulilazimika kulijua, kwamba mipangilio mingine inasafiri ndani ya mchoro na mingine inabaki kwenye kompyuta. LTSCALE inakwenda na faili popote. FILEDIA inabaki kwenye mashine, na ikigeuka 0, kwa kawaida kwa sababu amri ya kujitungia imekatishwa katikati, dirisha la kufungulia faili linapotea na badala yake unaombwa kuandika jina. Nimeshaona kijana anaondoa programu nzima na kuiweka upya kwa sababu hiyo, wakati dawa ni neno moja na tarakimu 1.

Inchi nazo hazijaondoka. Mchoro wa mlango unaopakuliwa mtandaoni mara nyingi umechorwa kwa milimita lakini INSUNITS yake, mpangilio unaotaja kizio cha mchoro, inadai ni inchi. Ukiuingiza kwenye ramani ya milimita, programu inauzidisha kwa 25.4 bila kuuliza, na mlango wa 900 unakuwa wa 22,860. Huo ni mlango wa karibu mita 23 kwenye nyumba ya mita 12! Kosa kubwa namna hiyo ni salama kwa sababu linaonekana. Hatari ni alama ndogo ya bomba ambayo hakuna anayeipima.

Tangu toleo la 2016 kuna SYSVARMONITOR, inayolinda orodha ya mipangilio na kukutaarifu ikibadilika. Ni chombo kizuri, na katika ofisi ninazopita sijakuta wengi wanaokitumia. Ningeomba walimu wa vyuo vyetu waanzie hapo kabla ya kufundisha kuta za rangi na vivuli vya miti. Nawe ukipokea mchoro wa mtu, andika INSUNITS kabla ya kugusa kitu: 1 ni inchi, 4 ni milimita.