Kadi za Zamani za Ziwa Letu



Wengi kati yenu mnaokaa Kamituga, Misisi, Likasi ao Kolwezi mulizaliwa kandokando ya maji. Mwezi huu twende pamoja Mboko, katika Fizi, kwenye ziwa Tanganyika.

Ukitoka Uvira kwa barabara ya Baraka, ziwa liko mkono wa kushoto, milima mkono wa kuume. Unapita Makobola na Swima, halafu unafika Mboko. Asubuhi wavuvi waliokesha ziwani na taa zao wanarudi na ndagala. Wamama wanaanika samaki, watoto wanaoga. Ng'ambo, kama hakuna ukungu, unaona milima ya Burundi.

Nilikuwa na bahasha mfukoni. Ndani yake kadi tano za posta za wakati wa Wabelgiji, zenye foto za plaji ya Albertville, mji unaoitwa leo Kalemie, kwenye ziwa hili hili. Wazungu wamevaa nguo za kuogea na wanacheka. Kwenye kadi moja, pembeni, kijana mweusi amesimama karibu na mtumbwi, kasia mkononi.

Nyuma ya kadi

Geuza kadi. Kushoto ni maneno, kuume ni anwani na tembre. Maneno yenyewe ni ya kawaida tu: jua ni kali, ziwa linafanana na bahari, mtoto amepona homa, mbona hamuandiki?

Lakini angalia safari yake! Gari-moshi la Albertville lilibeba posta mpaka Kabalo. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1915. Kutoka Kabalo, meli ya mto mpaka Kongolo. Gari-moshi tena mpaka Kindu, meli mpaka Ponthierville (Ubundu), gari-moshi mpaka Stanleyville (Kisangani), meli mpaka Léopoldville (Kinshasa), gari-moshi mpaka Matadi, na hapo meli ya bahari kwenda Ubelgiji. Njia nyingine ilivuka ziwa mpaka Kigoma, na reli ya Dar es Salaam. Kila mahali watu walipakia na kupakua ile mifuko. Ni baba zetu na babu zetu.

"Huyu ni mutoto ya nani?"

Nilionyesha kadi zile mama mmoja mzee wa Mboko. Wazungu hakuwaangalia sana. Aliweka kidole juu ya yule kijana: "Huyu ni mutoto ya nani?"

Niligeuza kadi. Jina la aliyeandika lilikuwepo. Jina la shangazi yake lilikuwepo, hata namba ya nyumba. Jina la kijana, hapana.

Nikamuuliza: "Na foto zenu, mama?"

"Mwaka ya 1996, vita ilipofika, tulivukaka ziwa usiku kwenda Kigoma. Tulibebaka batoto na sufuria. Foto, nani angebeba?"

Mtoto wake mmoja alikufa kule Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu. Foto yake ya pekee ilibaki Mboko, na aliporudi alikuta nyumba ni majivu. Akasema: "Mimi sura yake naikumbuka. Lakini bajukuu hawakumuonaka. Nitabaonyesha nini?"

Sikuwa na jibu. Na si vita tu inayokula foto. Miaka ya 2020 na 2021 ziwa lilipanda, likaingia nyumba nyingi kutoka Uvira mpaka Kalemie.

Basi, tufanye nini?

Zile kadi tano zilipona kwa sababu mbili: ziliandikwa, na zilitumwa mbali. Tuige hayo. Leo foto zetu zinakaa ndani ya telefone, na telefone inaibiwa, inaanguka majini. Chagua chache, zitolewe kwenye karatasi. Nyuma andika majina ya wote, mahali na mwaka. Hata jina la jirani aliyepita nyuma, liandike. Halafu foto moja ikae kwako, nyingine itume kwa ndugu anayekaa mbali.

Mbele ya kuondoka nilipiga foto ya yule mama na wajukuu wake sita, miguu majini. Moja nilimrudishia. Ya pili ilikwenda kwa mwanawe anayefanya kazi ya migodi Kolwezi. Nyuma niliandika majina saba, Mboko, na mwaka. Yeye akaniambia niongeze maneno haya:

"Tuko wazima. Maji ni baridi. Mbona huandiki?"