Mdoli asiye na pasi

Najua nimepotea. Prezentesheni za semina zimetubana wiki nzima, hata kufua sijafua.

Mimi nilipangiwa sheria za Ulaya za kemikali. Nikaona hapa nimepewa adhabu. Kumbe mada ilishanitangulia nyumbani. Likizo iliyopita mama, ambaye anauza mitumba, alichukua na midoli. Mtoto wa dada akang'ang'ania mmoja wa plastiki laini, yuko naye mdomoni kutwa nzima. Mama akaniuliza, "Mwalimu, wewe si unasoma kemia? Hiki hakina sumu?" Nikasema hakina. Nilisema tu jamani.

Sasa nasoma kwamba plastiki ya namna ile mara nyingi hulainishwa kwa thaleti, na baadhi yake, kama DEHP, huvuruga homoni na kudhuru uzazi. Ulaya walianza kuzizuia 1999 kwenye vitu ambavyo watoto wadogo hutia mdomoni. Tangu 2007 DEHP na wenzake wawili hawaruhusiwi kuzidi asilimia 0.1 kwenye midoli. Mwaka huohuo ikaanza sheria ya REACH: kiwanda ndicho kinachotakiwa kuleta taarifa za kemikali zake, kisipoleta hakiuzi. Na mnunuzi wa kule akiuliza kama bidhaa ina kemikali iliyomo kwenye orodha ya zile za hatari, muuzaji ana siku 45 za kumjibu, bure. Siku 45! Mimi mama nilimjibu kwa sekunde mbili.

Halafu inakuja pasi ya kidijitali: unamulika alama kwa simu, unaona taarifa za bidhaa. Betri za magari ya umeme ni kuanzia Februari 2027, midoli ni 2030. Darasani watu wakapiga makofi. Mimi ndo nikakwama hapo, maana pasi anapewa mdoli mpya anayeingia soko la Ulaya. Huyu wetu hana jina la kiwanda wala mwaka, labda alitengenezwa hata kabla ya 1999. Kumkodolea macho haisaidii, thaleti hazionekani.

Jana nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, nikamwambia ukweli: siku ile nilikisia, mnyang'anye mtoto huyo mdoli. Akanyamaza kidogo.

"Na ile mingine niliyouza?"

Sikuwa na jibu. Nimemwambia nitampigia tena Jumapili.